Mshipa usioziba nao waweza kuua: Jinsi picha za kitabibu zinavyopima uvimbe wa ateri

Na Mwandishi Wetu, Pemba

MKAAZI wa Tibirinzi, mtaa wa mji wa Chake Chake unaofahamika kisiwani Pemba kwa kiwanja chake cha kufurahishia watoto wakati wa Sikukuu, akivuka bahari kwenda kupimwa moyo na kuambiwa kuwa mishipa yake haijaziba, hurudi nyumbani akishukuru. Jibu hilo ni la kweli, lakini halimalizi habari yote.

Utafiti mkubwa uliochapishwa nchini Uingereza mwaka 2024 uliwahusisha watu 40,091 waliopigwa picha za CT za mishipa ya moyo katika hospitali nane. Wanane katika kila kumi kati yao hawakuwa na mshipa uliozibwa kwa kiwango cha kuzuia damu kupita. Hata hivyo, katika miaka iliyofuata, kundi hilo ndilo lililotoa takriban theluthi mbili ya vifo vya maradhi ya moyo.

Takwimu hizo zinaeleza kwa nini wataalamu wa moyo wamekuwa wakitafuta njia ya kuona jambo ambalo picha za kawaida hazilionyeshi: hali ya ukuta wa mshipa wenyewe, na hasa kama ukuta huo umevimba na kuwaka ndani kwa ndani. Hali hiyo kitaalamu huitwa inflamesheni.

Inflamesheni ni nini?

Inflamesheni ni namna mwili unavyojihami. Mtu akichomwa na mwiba, mahali hapo huiva, hupata joto, huvimba na kuuma, kwa sababu chembe nyeupe za damu zimekimbilia hapo kupambana na kilichoingia. Uvimbe huo haufanani na ule wa saratani, ambao ni nyama iliyoota.

Ndani ya ateri, yaani mishipa inayotoa damu kwenye moyo na kuisambaza mwilini, mambo huwa kama hayo, ila hayaonekani wala hayaumi. Mafuta ya lehemu, ambayo wengi huyaita kolestroli, hupenya polepole katika ukuta wa mshipa. Chembe nyeupe ziitwazo makrofaji huingia kuyala, hushiba kupita kiasi, hufia humo humo, na mabaki yake huwaita wenzao zaidi.

Baada ya miaka mingi hujengeka utando wa mafuta laini uliofunikwa na ngozi nyembamba. Makrofaji hutoa vimeng'enya vinavyoitafuna ngozi hiyo. Siku ikipasuka, damu inayopita hukutana na mafuta hayo na kuganda pale pale. Bonge hilo likiziba mshipa wa moyo, matokeo yake ni shambulio la moyo. Likiziba mshipa wa ubongo, ni kiharusi.

Mtaalamu wa Kijerumani, Rudolf Virchow, aliueleza uvimbe wa kuta za ateri tangu karne ya 19. Lakini ni mwaka 1999 ndipo Profesa Russell Ross wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, alipochapisha makala iliyotajwa sana baadaye, akisisitiza kuwa ugumu wa ateri ni maradhi ya inflamesheni na si mrundikano wa mafuta pekee.

Udhaifu wa picha za kawaida

Kipimo kinachofahamika zaidi ni angiografia. Daktari hupitisha mrija mwembamba hadi kwenye mishipa ya moyo, humwaga dawa inayoonekana kwa eksirei, kisha hutazama dawa hiyo inavyotiririka. Picha inayopatikana ni ya njia ya damu. Inaonyesha palipobana, wala haisemi lolote kuhusu kilichomo ndani ya ukuta.

Nahodha anayetazama tu kama chombo chake kinaelea hatajua kama mbao zake zimeliwa na wadudu wa baharini. Tangu miaka ya 1980 tafiti zimeonyesha kuwa mashambulio mengi ya moyo hutokea mahali ambapo mshipa haukuwa umebana sana kabla ya siku hiyo.

Altrasaundi ya shingo nayo ina mpaka wake. Inaweza kupima kwa milimita unene wa ukuta wa mshipa wa karotidi, unaopeleka damu kwenye ubongo, na kuonyesha utando wa mafuta ulipo. Ni kipimo rahisi kisicho na mionzi. Lakini ukuta mnene unaweza kuwa umetulia kwa miaka mingi, na ukuta mwembamba ukawa unawaka. Kipimo cha damu cha protini ya CRP, kwa upande wake, hueleza kuwa kuna inflamesheni mwilini, bila ya kusema iko wapi. Malaria, kifua kikuu na hata jino bovu vyote hupandisha CRP.

Sukari yenye mionzi

Njia ya kwanza iliyofanikiwa kupima inflamesheni pale pale ilipo ni picha ya PET, inayofanywa kwa sukari iliyofungwa chembe ya florini-18 yenye mionzi. Sukari hiyo huitwa FDG. Kwa mara ya kwanza alipewa binadamu mwaka 1976 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, kwa ajili ya kuchunguza ubongo, na baadaye ikawa silaha kubwa ya kutafuta saratani.

Msingi wake ni ulafi wa chembe. Makrofaji zilizo kazini hula sukari nyingi kuliko chembe zilizotulia. Mgonjwa akidungwa FDG, sukari hiyo hujikusanya mahali zilipo, na mashine husoma mionzi inayotoka huko. Kwa kuwa picha ya PET ni ya ukungu, huunganishwa na ya CT ili ijulikane mng'ao umetoka kwenye mshipa upi.

Mwaka 2002, watafiti wa Cambridge, Uingereza, waliwapima kwa njia hiyo wagonjwa wanane waliokuwa na dalili za ubongo kukosa damu kwa sababu ya mshipa mmoja wa shingo. Upande ulioleta dalili ulikusanya FDG kwa asilimia 27 zaidi ya upande wa pili usiokuwa na dalili. Utando ulipotolewa kwa upasuaji na kuchunguzwa maabara, sukari hiyo ilikutwa kwenye makrofaji.

Kinachosomwa ni uwiano. Mtaalamu hupima mng'ao wa ukuta wa ateri, kisha huugawa kwa mng'ao wa damu iliyo kwenye vena iliyo karibu. Kwa mfano wa hesabu tu, ukuta ukisoma 2.4 na damu 1.2, uwiano ni 2. Mgonjwa akipimwa tena baada ya miezi kadhaa ya tiba na uwiano ukashuka, ni ishara kuwa inflamesheni imepungua. Mwaka 2006 watafiti wa Japani waliripoti kuwa dawa ya simvastatini, inayotumika kupunguza lehemu, ilipunguza mng'ao huo katika muda wa miezi mitatu.

Njia hii ina kasoro zake. Misuli ya moyo yenyewe hula sukari, hivyo mng'ao wake huifunika mishipa midogo iliyoizunguka. Kwa sababu hiyo FDG hufaa zaidi kwa aota na mishipa ya shingo. Aidha, mgonjwa hutakiwa kufunga kula kwa saa kadhaa, na mwenye kisukari ambacho hakijadhibitiwa huweza kupata majibu yasiyoaminika, kwani sukari iliyojaa kwenye damu hushindana na ile ya kipimo.

Ili kuikwepa kasoro hiyo, watafiti wamejaribu dawa nyingine. Mwaka 2014 timu ya Edinburgh, Scotland, ilitumia floridi ya sodiamu, inayong'aa pale ambapo chembechembe za chokaa zinaanza kujijenga ndani ya utando hatari. Kati ya wagonjwa 40 waliokuwa wametoka kupata shambulio la moyo, 37 walionekana na mng'ao mkubwa zaidi pale pale palipoleta shambulio. Mwaka 2017 Cambridge ilichapisha matokeo ya dawa iitwayo DOTATATE, inayojibandika kwenye makrofaji na haivutwi na misuli ya moyo.

Mafuta yanapotoa siri ya mshipa

Njia mpya zaidi haihitaji dawa ya mionzi ya kudungwa. Inatumia picha ya CT ya mishipa ya moyo, ambayo hospitali nyingi duniani tayari huipiga kwa sababu nyingine, na kuisoma upya kwa kompyuta.

Mishipa ya moyo imezungukwa na mafuta. Watafiti wa Oxford, wakiongozwa na Profesa Charalambos Antoniades, walieleza mwaka 2017 kuwa mshipa uliovimba hutoa kemikali zinazoyafikia mafuta hayo na kuzizuia chembe zake changa kukomaa na kujaza mafuta. Matokeo yake, mafuta yaliyoukaribia mshipa mgonjwa huwa na maji mengi zaidi kuliko yale yaliyo mbali nao.

CT hupima uzito wa kila kitu kwa vipimo vya Hounsfield, ambapo maji ni sifuri na mafuta husoma chini ya sifuri. Mafuta yaliyolowa maji husogea juu kuelekea sifuri. Katika utafiti wa mwaka 2018 uliowahusisha wagonjwa 3,912 wa Erlangen, Ujerumani, na Cleveland, Marekani, waliosoma kuanzia hasi 70.1 kwenda juu walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kwa maradhi ya moyo kuliko waliosoma chini ya hapo.

Utafiti wa mwaka 2024 uliotajwa mwanzoni ulitumia kipimo hicho hicho. Ulibaini kuwa hata miongoni mwa watu ambao mishipa yao haikuziba, wale ambao mafuta yao yalionyesha inflamesheni ndio waliokuwa katika hatari zaidi.

Hata hivyo, kusoma mafuta hayo kunahitaji programu maalumu na marekebisho ya kihesabu kulingana na mashine iliyotumika. Daktari hawezi kuitazama tu filamu ya CT kwa macho na kutoa namba.

Palipo na matumizi ya kila siku

Kwa ugumu wa ateri wa kawaida, kupima inflamesheni kwa picha bado kwa kiasi kikubwa ni kazi ya utafiti. Lakini yapo maradhi ambayo kipimo hicho kimekwisha kuingia katika tiba. Hayo ni yale ambayo kinga ya mwili huishambulia ateri moja kwa moja.

Mojawapo ni maradhi ya Takayasu, yaliyopewa jina la daktari wa macho wa Japani, Mikito Takayasu, aliyeyaelezea mwaka 1908. Huwapata zaidi wanawake vijana, na dalili zake huweza kuwa homa za mara kwa mara, uchovu, mapigo ya mkono yasiyosikika au shinikizo la damu lenye tofauti kubwa kati ya mkono mmoja na mwingine. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2018 ulipendekeza MRI iwe kipimo cha kwanza cha picha kwa maradhi hayo.

Kwa maradhi mengine ya aina hiyo, yanayoshika mishipa ya kipaji kwa watu waliovuka miaka 50 na yanayoweza kupofusha macho, mwongozo huo uliitanguliza altrasaundi. Ukuta uliovimba huonekana kama duara jeusi lililouzunguka mshipa. Hapa mashine ya gharama ndogo, mikononi mwa mtaalamu aliyefunzwa, hufanya kazi ambayo wengi hudhani ni ya mitambo mikubwa tu.

Hali ya Afrika Mashariki

Maradhi ya mishipa si ya Ulaya pekee. Utafiti wa kiharusi uliofanywa Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006, na kuchapishwa mwaka 2010, ulikuta wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka wilayani Hai, Kilimanjaro, na 315.9 Dar es Salaam, baada ya kurekebisha tofauti za umri. Kiwango hicho cha mjini kilikuwa miongoni mwa vya juu vilivyowahi kuripotiwa duniani.

Jambo jingine linaloigusa kanda hii ni Virusi vya Ukimwi. Mwaka 2012 watafiti wa Boston, Marekani, waliripoti kuwa picha za FDG za watu 27 wanaoishi na VVU zilionyesha inflamesheni kwenye aota kubwa kuliko ya wenzao wasio na virusi wenye hatari sawa ya maradhi ya moyo.

Hata hivyo, matokeo ya Boston hayawezi kubebwa yalivyo na kuletwa huku. Huko Kampala, Uganda, watu 200 wenye umri kuanzia miaka 45 na wenye vihatarishi vya moyo, nusu yao wakiishi na VVU, walipigwa picha za CT na kupimwa viashiria vya inflamesheni kwenye damu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa maradhi ya mishipa ya moyo miongoni mwao yalikuwa machache. Ndiyo maana wataalamu husisitiza umuhimu wa vipimo vinavyofanyiwa watu wa kanda hii wenyewe.

Bahari na dakika 110

Kikwazo kikubwa cha PET ni muda. Florini-18 hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya dakika 110. Dawa iliyotengenezwa saa mbili asubuhi hubaki na nusu ya nguvu yake kabla ya saa nne, na robo tu kabla ya saa sita mchana. Ndiyo sababu hospitali hulazimika kuwa na mtambo wake wa kuitengeneza, uitwao saiklotroni, au kuwa jirani nao.

Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, ilizindua huduma ya PET-CT pamoja na saiklotroni mwaka 2018, na Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta nayo ikafuata. Jijini Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road ilianzisha mradi kama huo. Kazi kuu ya mitambo hiyo ni saratani, ambayo wagonjwa wake hawawezi kusubiri.

Kwa mgonjwa wa Pemba, maana yake ni kuwa dawa haiwezi kumfuata kisiwani. Ni yeye atakayeifuata, kwa boti au kwa ndege, pamoja na gharama za msindikizaji na malazi.

Picha zimewafaa vipi wasiozipata?

Faida kubwa ya picha hizo hadi sasa imewafikia hata wale ambao hawajawahi kuziona mashine zenyewe. Zilisaidia kuonyesha kuwa inflamesheni ya ateri hupungua kwa tiba, na zikawatia nguvu watafiti kujaribu dawa zinazoilenga moja kwa moja.

Mwaka 2017 jaribio la dawa ya kanakinumabu kwa wagonjwa 10,061 waliowahi kupata shambulio la moyo lilionyesha kuwa kipimo cha miligramu 150 kilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 15, bila ya kushusha lehemu. Lakini maambukizi yaliyoua yaliongezeka, na dawa hiyo haikuruhusiwa kwa matumizi ya moyo. Tahadhari hiyo ni nzito zaidi katika nchi zenye kifua kikuu.

Baadaye watafiti waliigeukia kolchisini, dawa ya zamani ya jongo. Majaribio mawili, la mwaka 2019 na la 2020, yalionyesha faida, na mwaka 2023 Marekani iliiruhusu kwa wagonjwa wa moyo. Jaribio jingine kubwa la mwaka 2024, kwa watu waliotoka tu kupata shambulio la moyo, halikuonyesha faida hiyo. Dawa hiyo huweza kuleta sumu, hasa kwa mwenye figo dhaifu, na haifai kumezwa bila ya agizo la daktari.

Statini, dawa za kushusha shinikizo la damu na udhibiti wa kisukari bado ndiyo nguzo za kinga. Kuacha sigara ni tiba nyingine isiyohitaji mashine, kwani moshi wa tumbaku huchochea inflamesheni ya kuta za ateri.

Maswali kabla ya safari

Mgonjwa anayeshauriwa kuvuka bahari kwa ajili ya picha ya mishipa ana haki ya kumuuliza daktari wake mambo manne. Kwanza, kipimo hicho kinatafuta nini: mshipa uliobana au ukuta uliovimba? Pili, jibu likija, tiba itabadilika au itabaki ile ile? Tatu, kipimo kina mionzi au dawa inayoweza kudhuru figo? Nne, sukari yake imedhibitiwa kiasi cha kuyafanya majibu yaaminike?

Iwapo tiba haitabadilika, fedha ya safari yaweza kutosha kununua dawa za shinikizo la damu za miezi mingi. Na anayeambiwa kuwa mishipa yake haijaziba, lakini ana shinikizo la damu, kisukari au anavuta sigara, hana ruhusa ya kuacha dawa.

Dalili za ghafla hazisubiri safari wala miadi ya picha. Mdomo kupinda, mkono au mguu kukosa nguvu, ulimi kuwa mzito, au kifua kubana na maumivu kuelekea mkono au taya, ni mambo ya kumkimbiza mgonjwa hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo.